Chale za Mwanya

Temeke, Dar es Salaam
12 Februari 1995

Kwa bibi yangu Luisa, mke wangu niliyekuacha Ngumbo,

Shikamoo. Goti la kushoto linasemaje tangu mvua zianze? Na yule paka mwizi bado yupo? Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya vumbi, na hayo hapa mjini kila mtu anayo.

Bibi, uliniuliza nafanya kazi gani hasa, maana mjomba Xaveri alikwambia nachora matusi kwenye miili ya wahuni. Mjomba anapenda kutia chumvi. Nachora tatuu, ndiyo, katika saluni ya kinyozi anayeitwa Goodluck. Yeye ananyoa mbele, mimi nachora nyuma ya pazia. Mashine nimeiunda mwenyewe. Mota nimeitoa kwenye redio kaseti iliyokufa, na sindano ni waya wa gitaa niliokata nikaunoa. Usiogope, kila mtu na sindano yake, tena nachemsha. Ukimwi tunaujua.

Nikwambie jambo moja: sichori bila muziki. Mteja nikishakubaliana naye namwambia aje na kaseti anayoipenda kuliko zote. Naiweka, naisikiliza, halafu mkono unafuata. Mtu wa rege namchora mistari minene isiyo na haraka. Mtu wa rumba ya Zaire, pale magitaa yanapochachamaa mwishoni, mkono wangu unajikunja na kujikunjua mpaka unafika kwenye kiwiko chake. Vijana wa rap wanataka kona kali, wanazipata. Mama mmoja mpenzi wa taarabu nilimchora ua begani, akajitazama kwenye kioo akasema, "Hili sasa mke mwenzangu atalielewa."

Lakini mimi mwenyewe sina muziki wangu. Goodluck akishafunga mlango jioni narudi chumbani, nina kaseti tele za watu na sijui nisikilize ipi. Hakuna hata mtu wa kunisalimia kwa Kinyasa chetu. Juzi nikakumbuka ule wimbo uliokuwa ukiimba zamani ukiwachanja wanawake chale. Kwenye kuchanja wavulana tulifukuzwa, sikuwahi kuona, lakini nilikuwa nakusikia ukiuimba peke yako ukitwanga. Nakutumia kaseti tupu na betri kwa Dunstan, dereva wa basi la Songea. Redio anayo jirani yako Eunice. Niimbie, bibi.

Mjukuu wako na mumeo,
Isidori


Ngumbo
30 Aprili 1995

Mume wangu usiyeonekana,

Marahaba. Goti ni bovu kama ulivyoliacha. Paka amekufa, na sikumlilia. Usipa, dagaa wetu wa ziwani, mwaka huu wamejaa mpaka tunawaanika juu ya mapaa, na muhogo upo. Mungu hajanitupa.

Kaseti ililala Mbinga muda mrefu kwa ubovu wa barabara, mwishowe ikashuka na lori la wanunuzi wa dagaa. Siku hizi wanakuja wengi, kila mtu ni mfanyabiashara. Eunice akaleta redio, akabonyeza vitufe viwili pamoja, akaniambia, "Bibi, imba." Nimwimbie nani? Aibu ikanishika kama bibi harusi. Ilibidi atoke nje ndipo nikaimba. Nimeimba sehemu yangu yote, mwanzo hadi mwisho, sikupunguza kitu.

Na mimi nina ombi. Tangu tumzike dada yangu Bonifasia, nyumba hii imekuwa kubwa kuliko mimi. Nasema neno, linarudi kwangu mwenyewe. Njoo Krismasi. Sitaki khanga, sitaki sukari. Njoo ukae hapa mlangoni, niseme, mtu anijibu. Sina haja nyingine duniani, nakwambia kweli.

Sindano uchemshe kwelikweli. Mimi wembe nilikuwa naupitisha motoni kwanza, na masizi nayakoroga na mafuta ya nyonyo. Wala hakuna aliyeoza.

Mkeo,
Bibi Luisa


Temeke
16 Julai 1995

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo nyingi. Natumaini baridi ya huko haijakuingia kwenye mifupa. Mimi afya yangu ni ya kufunga mkanda, lakini moyo umenenepa, na sababu ni wewe.

Bibi, umeniletea neema! Kaseti yako nimeisikiliza mpaka betri zikalia. Unaimba mstari mmoja, halafu unanyamaza. Kimya. Nasikia kuku wa Eunice, nasikia ziwa kwa mbali, halafu ndipo unaimba tena. Hakuna muziki wa hapa unaothubutu kunyamaza hivyo. Hapa wakinyamaza kidogo wanaogopa utazima redio. Mkono wangu ukaelewa wenyewe. Nikamchora Steven, fundi magari, mstari wa nukta kuzunguka mkono, halafu ngozi tupu, halafu nukta, halafu ngozi tupu, kwa kipimo cha pumzi zako. Alipotoka nje watu wakamzunguka. Sasa wanakuja kutoka Kinondoni, wanakuja kutoka Ilala, na hawataki rege wala rumba. Wanasema, "Tuchore ile ya mwanya." Unajua msichana mwenye mwanya anavyopendeza akicheka? Wanasema ni hivyo hivyo, uzuri upo pale pasipo na kitu.

Nakaa nyuma ya pazia siku nzima nakusikiliza. Nakuwa kama nipo nyumbani.

Kuhusu Krismasi nitajitahidi, ila Desemba ndiyo kila mtu anataka kupendeza. Tutaona.

Mjukuu wako,
Isidori


Ngumbo
3 Septemba 1995

Isidori,

Marahaba. Mzima, mzima, goti lile lile.

Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka Eunice akaja kuuliza kulikoni. Nikaanza kumweleza, na nilipofika katikati cheko likaniisha.

Mume wangu, wimbo wa chale hauimbwi na mtu mmoja. Mchanjaji anatupa mstari, wanawake wanaitikia wote kwa nguvu, ili msichana akilia sauti yake isimfikie mama yake aliyekaa nje. Nikiimba, wembe uko juu. Wakiitikia, wembe unashuka. Ile unayoiita mianya, mimi naijua kwa majina. Hapo ni Bonifasia. Hapo ni Walburga, aliyehamia Kingerikiti kwa mwanawe na sasa hasikii hata kengele ya kanisa. Hapo ni Lidia, Mungu amlaze pema. Nilimngoja kila mmoja amalize, kwa heshima, ndipo nikaendelea. Ningefanyaje? Niitikie mwenyewe kama mwendawazimu? Wewe ulinisikia nikitwanga peke yangu, ukadhani wimbo ndivyo ulivyo.

Tena umeugeuza. Umechoma pale nilipoimba, na pale nilipokuwa nakata umepaacha.

Kwa hiyo watu wa Dar es Salaam wanatembea na upweke wangu mikononi, na wanasifiwa. Sina hasira nawe. Lakini iliniuma kusoma kwamba unasikiliza kile kimya siku nzima na unakipenda. Mimi ninacho hapa bure, wala sikipendi. Krismasi uje.

Bibi yako


Temeke
8 Oktoba 1995

Bibi,

Shikamoo. Nimeshindwa kuanza na habari ya afya, nisamehe.

Barua yako niliisomea nyuma ya pazia, na mteja alikuwa ameshavua shati. Nikaweka kaseti nianze kazi, na safari hii nikakusikia unavyongoja. Unavuta pumzi kidogo, unaiacha. Sikuwa nimeisikia kabla. Nikazima, nikamwambia mteja mashine imekufa.

Nimemwita Steven nimjazie ile sehemu tupu, bure. Amekataa. Anasema mwanya ndio alioupenda, na mkono ni wake. Goodluck naye anasema biashara ikienda usiiulize inatoka wapi. Sasa naichora bila kukusikiliza, na inatoka mbaya. Nukta zinakaa tu kama upele.

Sokoni nimempata mama mmoja wa Liuli, huko huko kwetu ziwani, anaitwa Valeria, anauza dagaa. Anayajua maitikio. Ananifundisha huku akinicheka, mwanaume mzima na wimbo wa wanawake. Krismasi nipo mlangoni kwako, bibi. Mwaka huu sisemi tutaona.

Mumeo,
Isidori


Temeke
18 Desemba 1995

Bibi,

Shikamoo. Mwenye nyumba anaibomoa ile fremu ya saluni, anajenga duka la kupigia simu. Tunahama, na nisipokuwepo Goodluck atampa mtu mwingine pazia langu. Sitaweza kuja Krismasi.

Nakutumia kaseti. Ni maitikio, yote, kwa mpangilio. Tumeitikia mimi na mama Valeria na Goodluck, na wateja wawili watatu waliokuwa wakingoja kunyolewa. Wewe imba, sisi tutakuitikia. Ni kama nipo.

Mjukuu wako,
Isidori


Ngumbo
14 Januari 1996

Isidori,

Marahaba. Nipo.

Kaseti ilifika na Dunstan hadi Songea, ikanifikia huku siku ya mwaka mpya. Jogoo nilikuwa nimeshamchinja, tulimla na Eunice.

Nikaiweka, nikaimba, mkaniitikia. Nililia, sitakuficha. Nikairudisha mwanzo, nikaimba tena, na kikohozi kikanishika kwenye mstari wa pili. Nyinyi mkaitikia hivyo hivyo, mkaendelea mbele mkaniacha. Kaseti haijui kama nimechelewa. Haiulizi, "Bibi, maji nikuletee?" Haiombi hata chumvi. Eunice alifurahi, anaipiga kwake akiosha vyombo. Nimempa.

Sitaomba tena. Kuomba mara nyingi kunamfanya mtu aonekane hana akili. Uishi salama.

Luisa


Ngumbo
20 Machi 1996

Bibi,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kigoda chako, mlangoni kwako, na wewe hupo.

Barua yako ya Januari niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Sikujibu kwa sababu sikutaka kukuandikia ahadi nyingine. Nikasema nitakwenda mwenyewe, uniseme usoni. Goodluck akasema nikiondoka nisirudi, nikamwambia ajue nimeondoka. Nimeteremka kutoka Mbinga kwa miguu, siku mbili nzima, nina mkate wa mjini umelowa mvua, napiga hodi, najibiwa na Eunice kutoka upande wa pili wa uwanja. "Bibi yako amekufuata Dar es Salaam! Alisema ukimya wako si wa bure, lazima unaumwa."

Bibi, wewe na goti hilo! Tulipishana wapi? Labda ni pale kituoni Kitai, basi langu likinunua ndizi upande huu na lako likinunua upande ule.

Sijui kukaa hapa bila wewe. Ndani kunanukia moshi wako. Nimefua shuka zako ambazo hazikuwa chafu. Nimesema peke yangu kwa sauti, nikanyamaza kama mjinga. Barua hii anaipandisha mwalimu Augustino hadi Mbinga, ataiweka kwenye basi. Barabara imekatika, lakini lori la kwanza litakalothubutu kupanda mlima nitakuwa juu yake. Usiondoke hapo. Nakuja kukuchukua.

Mumeo,
Isidori


Temeke
30 Machi 1996

Mume wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, usijitie wasiwasi. Goti limevimba kama boga kwa safari, na Goodluck, ambaye ni mtu mwema kuliko ulivyoniandikia, amenitafutia dawa ya kuchua. Anasema pazia lako bado lipo, yale yalikuwa maneno ya hasira. Mama Valeria ananiletea uji asubuhi, na tunasema Kinyasa mpaka majirani wanatushangaa. Yeye ndiye amenisomea barua yako, na hii namtajia anaandika, maana miwani nimeiacha juu ya mtungi.

Chumba chako nimekiona. Sufuria moja, kijiko kimoja, na ukutani umebandika bahasha zangu. Nilikaa kitandani nikasikitika. Nilidhani mpweke ni mimi tu, nikakulaumu kama mtu aliyekula akashiba. Hilo nimekuja kulijua huku, na safari haikuwa ya bure.

Sasa nisikilize. Hilo lori usilipande. Wewe ukija huku mimi nitakuwa Songea, nikifika huko wewe upo Temeke, na tutapishana namna hiyo mpaka mmoja wetu azikwe. Lazima mtu mmoja akae. Mimi nimekaa nikikungoja miaka yote hii. Kaa wewe.

Amka ufagie uwanja hata kama hakuna atakayeukanyaga. Lori likinguruma mlimani, toka utazame nani anashuka. Likipita, rudi ndani. Kesho toka tena. Usijisemee kwamba labda hatakuja, maana ukianza hivyo chakula hakipiti kooni. Sikulipizi kisasi, mume wangu. Nataka ukujue kungoja, basi, ili siku nyingine usiniandikie kwamba ni kama upo.

Barua hii Dunstan anaondoka nayo leo. Mimi nitapanda safari yake nyingine goti likitulia. Tutalala Songea, tutalala Mbinga, na kutoka hapo ni mvua na Mungu. Siku siijui. Wewe kaa.

Mkeo,
Luisa