Ndoto Niliyoyasimulia Maji ya Falaji

Jumamosi, 10 Aprili 1999
Kahawa chungu baada ya Isha, kama jana. Kisha maji baridi usoni. Kisha kitabu cha hisabati, mgongo ukutani, maana nikiegemea mto nimekwisha. Mama anadhani nasomea mtihani. Anajivunia. Naona haya.

Sitaki kulala. Nikilala nitaota.

Jumapili, 11 Aprili
Nimesinzia darasani. Abla, mwalimu wetu, akagonga dawati langu kwa rula, wasichana wakacheka. Raya, ninayekaa naye, hakucheka.

Niandike wazi. Nyumbani anayesoma Kiswahili ni Bibi tu, mzaliwa wa Unguja, aliyenifundisha, na Bibi sasa haoni herufi. Nimeota amekufa. Amelazwa majlisini, chumba cha wageni, kafunikwa shuka nyeupe, wanawake wanakunywa kahawa na hakuna aliyeniambia. Mara mbili nimeota hivyo. Wakati wa baridi niliota mtende wetu mkubwa umeanguka, na wiki ile ile Babu akafariki.

Wiki ijayo Bibi anapelekwa Maskati kupasuliwa mtoto wa jicho. Anataka kusoma msahafu wake mwenyewe, hataki tena kusomewa nami. Nikiiota ndoto mara ya tatu itakuwa kweli. Hakuna aliyeniambia hivyo. Najua tu.

Jumatatu, 12 Aprili
Nafanya yote niliyofundishwa. Udhu. Ayatul Kursi. Ubavu wa kulia. Kutema mate kushoto. Na kutomwambia mtu, maana ndoto mbaya haisimuliwi. Hili la mwisho ndilo linaloniumiza.

Raya kasema ipo njia. Unayasimulia maji yanayokwenda, nayo yanaichukua. Maji si mtu.

Jumanne, 13 Aprili
Baada ya shule nimekwenda falajini, mfereji unaopeleka maji mashambani. Nikainama nikayaambia yote, kwa sauti, maana sikujua maji yanasikia kiasi gani. Jina la Bibi, shuka, kahawa. Nikarudi nyumbani mwepesi.

Sikufikiri maji yanakwenda wapi. Mbele kidogo tu yanapita chini ya chumba cha kuogea wanawake, na sauti inapita nayo. Bi Zuwena, jirani yetu, alikuwa ndani anaoga. Kabla ya Magharibi alikuwa keshaketi na Bibi, nywele zingali mbichi.

"Bi Salma, huyo mjukuu wako anakuzika!"

Nimejifungia chooni mpaka nikaitwa kula.

Jumatano, 14 Aprili
Bibi amesema haendi Maskati. Kasema mbele ya wote, kisha akaomba ndimu. Baba akapandisha sauti, jambo asilomfanyia mamake kamwe. Miadi hiyo tumeingojea tangu kabla ya Ramadhani. Bibi akaendelea kula.

Hakuna aliyenilaumu. Bora wangenilaumu. Nimemnyima macho.

Alhamisi, 15 Aprili
Sijalala. Nimemwaga chai.

Ijumaa, 16 Aprili
Baada ya chakula cha mchana Bibi kaniita mkekani kwake. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Jicho langu bovu, masikio mazima. Kila usiku nakusikia wazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wadhani siendi kwa ajili ya ndoto? Anayeotwa amekufa kaongezewa umri, Unguja nzima yajua hilo! Siendi kwa sababu nikiondoka, wewe nani atakulaza?"

Nikachomoa ukindu wa mkeka. Akaendelea.

"Na maji yana ujamaa gani nawe, hata yaambiwe kabla yangu?"

Hili ndilo lililomkasirisha kweli. Kisha akatoa sharti: nilale pale pale, anisikie nikikoroma, ndipo aende. Nikasema naogopa. Akasema ogopa ukiwa umelala. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Kinanukia udi.

Nikaiota. Ile ile, shuka na kahawa. Nikaamka nalia, na Bibi yuko pale, tende shavuni.

"Nimekufa tena?"

"Ndiyo, Bibi."

"Vyema. Umri mrefu huo." Akatema kokwa.

Jumanne, 20 Aprili
Wameondoka jana, Bibi na Baba. Leo alfajiri amepasuliwa. Baba amepiga simu: Bibi yu salama, na anawagombeza wauguzi. Mama alilia. Mimi nilikunywa maziwa.

Usiku nililala kipande. Hofu ilikuwapo. Nililala nayo.

Alhamisi, 6 Mei
Leo Bibi amenishika kidevu akanigeuzia dirishani. Akauliza nani kanipaka wanja mwingi hivi chini ya macho. Nikamwambia sijapaka wanja. Akanitazama sana.

Mchana huu kafungua msahafu. Anasoma polepole, kwa sauti, anarudia mstari. Nimejinyoosha kando yake na daftari hili. Herufi zangu zinapinda kwa usingizi.

Simsomei. Ananisomea yeye.