Ubani Ndani ya Tembo

Jumatano, masika, 1955. Mvua tangu alfajiri, na moyo wangu nao umelowa.

Leo nimemkosea Mzee Hiza, mgema wangu.

Wanaoniona nikiuza tembo hapa Ngamiani hudhani nilizaliwa na kilabu. Nilianza na debe moja na kata moja, nilipoacha kazi ya kuanika mkonge, na wagema wawili wa mwanzo wakanichezea. Niliwasifu, na wiki haikuisha tembo likawa maji matupu. Si ndivyo walivyosema wahenga, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji? Nikaapa: wa tatu hatasikia sifa kinywani mwangu.

Huyo wa tatu ndiye Mzee Hiza.

Asubuhi nimeonja kama kawaida. Kwanza ndizi mbivu, ndiyo harufu ya tembo lake siku zote. Halafu, nyuma yake, ubani. Ubani! Mteja wa kwanza akanusa kata, akacheka: "Mama Agnesi, leo tunakunywa tembo au tunamtoa bibi harusi?"

Nikapandwa na hasira. "Mzee, umenitilia nini humu? Wataka kunifukuzia watu?"

Akatua debe la pili taratibu. "Mwanangu, miaka sita unaonja, unakunja uso, unapokea. Nikajua vibuyu vyangu vinanuka, wewe wanisitiri tu. Jana nikamwomba mke wangu avifukize."

Akaniambia nitafute mgema mwingine, asiyenitia kinyaa. Akaondoka na mvua ileile.

Nimepiga hesabu. Siku sita kwa wiki, miaka sita: asubuhi elfu moja mia nane sabini na mbili. Maji hakutia hata siku moja. Na mimi "zuri" sikulitamka hata mara moja.

Nilijiona mwerevu.

Wateja walipopungua nimeonja tena, bila hasira. Ubani umetangulia, ndizi ikafuata, na mwisho moshi mwembamba ukabaki kooni. Sijawahi kunywa tembo kama hili. Wagema wa kuokota wapo. Mtu wa kunifukizia vibuyu nitamtoa wapi?

Nimejaribu kulisema neno lenyewe peke yangu jikoni. Mara ya kwanza limetoka kama amri. Ya pili, kama dai. Ya tatu, kama swali.

Kesho, kabla hajapanda mnazi wa kwanza, atanikuta chini yake. Hata likitoka kama amri, nitalisema.