Ukurasa wa Baba Mkubwa

Chumba cha Nyuma,
Duka la Mchapaji,
Mtaa wa Mafundi Viatu.
Jumanne, tarehe 14 Oktoba.

Mpendwa Dada,

Kama umeketi, inuka kwanza. Barua hii uliyoishika imeandikwa na mtu mashuhuri kuliko wote katika ukoo wetu, walio hai na waliolala, na kama kuna atakayezaliwa anipite, basi mama yake naye bado hajazaliwa. Haya, sasa unaweza kuketi.

Hujambo lakini? Mgongo wako umepoa, ule uliosema unakuuma ukitoka zamu hospitalini? Na yule mwenzako wa chumba anayekoroma kama mashine ya kusaga, bado mnaishi naye, au ukuta umeshaanguka? Nakuuliza kwa moyo, si kwa kujaza karatasi.

Sisi huku wazima. Bibi ni mzima, ila masikio yake siku hizi yanachagua. Ukimwita aje anywe dawa, kiziwi. Ukinong'ona habari za jirani, unamkuta ameshafika mlangoni na kiti chake. Mama Mkubwa ni mzima. Baba Mkubwa anakohoa kidogo asubuhi, na bado hataki mtu mwingine aguse cherehani yake. Mimi usiniulize. Afya yangu inaonekana hata ukinitazama kwa nyuma.

Barua yako uliyoituma kwa basi la Jumapili usiku nimeipata. Umeuliza maswali ya kutosha kunifunga jela, na chini kabisa moja umelipigia mstari: Baba alisoma mwenyewe? Swali hilo nimeliona, dada. Nitalifikia. Barua ni kama mgeni, haiingii jikoni kabla ya kupiga hodi.

Ninajua kwa nini umelipigia mstari. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nilikuwapo kanisani siku ile walipomtaja Baba Mkubwa awe mwenyekiti wa wazee, akasimama kukubali, neno likamkwama, likakwama, hadi watu wakaanza kupiga makofi ili kumwokoa, na kiti kikaenda kwa mwingine mwenye ulimi laini. Tangu siku hiyo baba yako hajafungua mdomo mbele ya watu isipokuwa kuimba, maana wimbo haumkwamishi. Kwa hiyo usidhani sikuelewa. Mimi si mjinga. Nilitoka shule mapema kwa sababu walimu walikuwa wamechoka, siyo mimi.

Kwanza kitabu chenyewe. Kimetoka, dada. *Kiti cha Mbele*, na jina la baba yako juu kwa herufi nene. Nimekishika, nimekinusa, nimelala nacho chini ya mto. Kisa unakijua, alikusimulia kwa simu sura baada ya sura, lakini acha nikupe kama ninavyowapa wateja hapa dukani, nimeshakuwa bingwa: kanisa linatafuta kiongozi. Kuna Mnenaji, akisema watu wanasahau njaa. Kuna Mshika Funguo, ambaye kazi yake ni kufungua mlango alfajiri, kufagia, na kutembelea wagonjwa bila kumwambia mtu. Watu wanamchagua Mnenaji, naye analitafuna kanisa hadi mbao za paa. Ukurasa wa mwisho wanamfuata Mshika Funguo kichwa chini. Hapo mteja anakohoa na kutoa pesa.

Kukichapa ndiyo ilikuwa kazi. Unamjua baba yako. Kitabu kizima alikiandika kwenye karatasi zile anazokatia mitindo ya nguo. Sura ya pili ilikuwa kwenye umbo la mkono wa shati. Ili niisome ilibidi nizungushe karatasi kama usukani wa lori. Sura ya Mnenaji kuanguka iko kwenye suruali ya mtu mnene, mguu mmoja dhambi, mguu mwingine toba. Mchapaji, bosi wangu, alipoziona aliniuliza kama nimeleta kitabu au mzigo wa kushona. Nikaketi kwenye kompyuta nikapiga neno kwa neno, vidole viwili tu, lakini vidole vyenye akili.

Sasa sikiliza sehemu inayonihusu, maana ndiyo nzuri. Nilipofika kwenye hotuba za Mnenaji, nikakuta hazina chumvi. Mtu anayesifiwa kwamba anateka umati, akisimama anasema mambo kama tangazo la kukatika kwa maji. Nikamfuata Baba Mkubwa kwenye cherehani, nikamwambia kwa heshima zote kwamba mtu huyu hawezi kumdanganya hata kuku. Nilidhani atanifukuza. Akasimamisha gurudumu, akafikiri, kisha akaniambia taratibu, kwa mapumziko yake yale, "Ni kweli. Nimemfanya mwizi, lakini hakuna anayeweza kuibiwa naye."

Halafu akaniomba mimi nimsaidie. Mimi, dada. Baba yako ametafuta uongo ndani ya moyo wake wote hakuupata, akakumbuka kuna ghala zima la uongo linalala nyumbani mwake. Hotuba zote za Mnenaji ndani ya kitabu hicho ni zangu. Onja moja: "Ndugu zangu, sikuja kuwaongoza. Nani amewahi kuongoza simba? Nimekuja kutembea nyuma yenu, nipate angalau vumbi la miguu yenu." Baba Mkubwa aliisoma akacheka hadi miwani ikaanguka kwenye vifungo. Akasema inamtisha, kwa hiyo inafaa. Bibi yeye alisema debe tupu haliachi kuvuma, lakini alisema huku akiniomba nimsomee tena pale pa simba.

Na picha ya jalada ni mimi pia. Usicheke. Mchapaji alitaka mtu mwenye sura ya kuvuta watu, akatazama huku, akatazama kule, nani mwingine? Nimesimama mkono juu, nimevaa koti ambalo baba yako alilishona makusudi, limekaa mwilini kama nimezaliwa nalo. Mama Mkubwa aliuliza mbona Mshika Funguo hayupo kwenye jalada. Baba Mkubwa akajibu kwamba watu humtazama huyu kwanza, basi waache wamtazame, wakiingia ndani watakutana na mwenzake. Jibu zuri, eti? Nililipenda sana, hasa kwa kuwa koti nilibaki nalo.

Jumapili ndipo tulipokizindua, ukumbini, baada ya ibada. Ulinipigia simu Ijumaa ukanipa kazi yangu, nimeikumbuka yote: nisome kipande kimoja cha Mnenaji, kifupi, kisha Baba asome ukurasa wa mwisho, na mimi nisimame kando nimshikie maiki kwa sababu mikono yake itakuwa na karatasi. Akikwama, nisubiri. Uliniambia nisimpe neno, atalileta mwenyewe.

Ukumbi ulijaa. Waliokosa viti walisimama ukutani, na mwalimu wa kwaya alilazimika kuketi juu ya ngoma. Nilivaa lile koti. Nikasoma ile ya simba. Dada, maneno matamu humtoa nyoka pangoni, lakini hukuona ya Jumapili, mimi nilitoa hata wazee waliokuwa wamesinzia. Nilipofika kwenye vumbi la miguu, mama mmoja alivua kiatu akakipunga juu. Walitaka nirudie. Nikarudia. Mchungaji mwenyewe alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Kifupi hakikuwa kifupi, nakiri, lakini ungekuwepo wewe ungekata?

Kisha Baba Mkubwa naye akapanda jukwaani, watu wakapiga makofi, na ukurasa wa mwisho ukasomwa, na vitabu vikauzwa. Boksi zote tulizobeba zilirudi tupu. Watu walipanga foleni nitie saini. Mimi. Saini yangu sikuwahi kuifanyia mazoezi, kwa hiyo kila kitabu kina yake. Kuna dada mmoja wa kwaya aliniambia kwamba huyo Mnenaji hata kama ni mwizi angemfuata tu. Nilicheka naye. Baba Mkubwa alikuwa ameketi kiti cha jirani.

Mchapaji anataka kuchapa tena kabla ya mwezi kwisha. Anasema safari hii picha iwe kubwa zaidi. Nimemwambia asubiri kwanza. Usishangae, hata mimi nilijishangaa.

Mama Mkubwa jana alinimiminia chai bila kunitazama. Wewe unamjua, akisema kitu unapona, asiposema ndiyo unaumwa.

Nisalimie shemeji, mwambie viatu alivyoniahidi miguu yangu inavisubiri na haikui tena, asiwe na wasiwasi wa kipimo. Msalimie Kitinda wetu akija kukutembelea, mwambie aache kunitumia picha za maghorofa, nami nina jalada. Bibi anakusalimu, anauliza kama huko mnasali au mnafanya kazi tu. Mama Mkubwa anakusalimu. Mungu asimame nawe katika kila zamu, ailaze mikono yako ikichoka, na akurudishe kwetu ungali unaijua njia ya nyumbani.

Hapa ndipo nilipotaka kutia jina langu. Nimeikunja karatasi, nimeikunjua.

Hakusoma, dada.

Nimeandika kwamba ukurasa ulisomwa, na kweli ulisomwa, ila sikusema na nani. Alianza yeye. Mistari ya kwanza aliisoma vizuri, polepole, kama anavyotia sindano uzi, na ukumbi ulitulia kuliko ulivyotulia kwangu. Mimi nilipata kelele. Yeye alipata kimya, na kimya kile kilikuwa kizuri kuliko kelele zangu, nilikisikia nikiwa nimeshika maiki, nikakionea wivu. Hilo sijamwambia mtu.

Akafika pale Mshika Funguo anapowajibu wanaomwomba aongoze: Mimi si msemaji, lakini kesho asubuhi mlango utakuwa wazi. Akafika kwenye "kesho". Neno likakwama. Hakuna aliyecheka, dada. Hakuna aliyepiga makofi. Safari hii watu wote walikuwa wanamsubiri, hata watoto. Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakusubiri.

Nikalisema mimi. Halafu nikasema na la pili. Halafu karatasi ilikuwa mkononi mwangu, na nikausoma ukurasa wote, maneno ya yule mtu mpole, kwa sauti ya Mnenaji, mkono juu, hadi mwisho, na nikatia na kichekesho changu kimoja ambacho hakimo kitabuni. Wakapiga makofi. Kwangu. Baba Mkubwa alikunja miwani akaitia mfukoni, akaketi. Nilipomsogelea akanishika bega akasema, "Umesoma vizuri, mwanangu." Angenitukana ningelala. Tangu Jumapili anashona, anaimba kidogo, anaulizia kama nimekula.

Ukimpigia atakuambia koo lilimkauka. Ameshawaambia hivyo mchungaji na Bibi, na Bibi safari hii amejifanya anaamini. Usimbishie, dada. Koo halikukauka. Anasema hivyo ili mimi nibaki mtu mzuri.

Na kama utataka kunitetea, maana unanipenda, useme mtoto alimwonea huruma baba, alitaka kumsaidia, usiseme. Nimekaa naye nyumba moja tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Anapokwama, kabla neno halijatoka, mguu wake wa kulia hubonyea chini, kama anakanyaga pedali ya cherehani, na neno hufuata hapo hapo, halijawahi kukosa. Jumapili nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko mtu yeyote. Nilitazama chini. Mguu ulikuwa umeshakanyaga. Neno lilikuwa linakuja, dada, nililiona linakuja, nikalitangulia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo ambapo sijipendi sana,
Kipaza.