Jogoo Aliyebaki Mpakani

Namuwongo, Kampala

Kaka yangu Wafula,

Pokea salamu zangu kwanza, kabla hasira yangu haijakufikia. Hujambo? Mgongo wa mama umepata nafuu? Wifi yangu na watoto hawajambo? Sisi huku miili ni mizima. Duka langu la ndoo na mabeseni lipo palepale kando ya reli. Wiki iliyopita maji ya mvua yaliingia, nikayatoa kwa mabeseni yaleyale ya kuuza. Hayo ndiyo mema. Yaliyobaki yanakuhusu wewe.

Nimekuandikia kwa sababu simu imenishinda. Nikipiga unaanza kuhutubu kabla sijamaliza kukuamkia, na nikinyamaza unadhani nimekubali. Karatasi huwezi kuikatiza. Nimempa dereva wa lori anayepita Bungoma, na nimemwambia asiondoke hapo mpaka akuone unaifungua.

Mwanangu Simiyu hana mke, Wafula, na sababu ni wewe.

Baba yake alipofariki, wewe mjomba ndiye uliyesema utasimama mahali pake. Ndiyo maana nilikuita uongoze watu wetu siku ya kwenda Kasubi kujitambulisha kwa kina Nakato, mchumba wake. Nilikueleza mambo mawili tu. La kwanza, kwa Waganda kaka wa bibi harusi, yule wanayemwita muko, lazima apewe jogoo. Akimpokea, dada yake ameolewa. Asipompokea, vyote mlivyobeba ni zawadi tu. La pili, siku ile wewe huongei. Tumekodi msemaji. Wenyeji watatutania, watasema hawatujui, watasema tumepotea njia, na msemaji wetu atajibu utani kwa utani. Ndiyo mila yao, hakuna anayetukanwa.

Ukasema jogoo utamtoa bandani kwako, yule mwekundu anayetembea kama chifu. Nilifurahi jamani! Niliwatangazia wakwe kwamba jogoo anatoka kwetu hasa. Nikakukumbusha cheti cha daktari wa mifugo. Ukanijibu nini? "Cheti cha nini, Nekesa? Si sisi ni jumuiya moja?" Wewe huyohuyo! Pale mpakani Malaba wakamzuia mpaka utakaporudi nyumbani, ukafika kwangu na kikapu kitupu na macho mekundu. Asubuhi tukanunua jogoo mwingine sokoni hapo Kasubi, nikadhani yamekwisha.

Unakumbuka yaliyofuata, lakini nitakukumbusha, maana unavyoyasimulia huko kijijini, nasikia, umekuwa shujaa. Tumekaa chini ya tenti, kanzu zimenyooka. Msemaji wao akaamua kusema Kiswahili kwa heshima yetu: "Nyinyi ni Wakenya? Wale ya kurudisha mayai yetu kwa mpaka? Sasa tukiwapa mutoto yetu, si mutamurudisha pia?" Watu wote wakacheka. Bibi yake Nakato alicheka mpaka akashika mbavu. Msemaji wetu alikuwa tayari amefungua mdomo amjibu. Ukamnyang'anya kipaza sauti.

Mayai yao yamekuua, ukasema. Trei zako zinaoza dukani kwa sababu ya trei zao za bei ya chini. Jumuiya ni ya wakubwa wanaokula mikutanoni Arusha, na mkulima hakuwahi kuulizwa. Kenya itoke, kila mtu akae kwake. Kila mtu akae kwake! Mbele ya watu tuliokwenda kuwaomba binti yao aje kwetu. Nilitamani ardhi inimeze na gauni langu la gomesi la kuazima.

Baba mdogo wa Nakato naye, yule muuza maziwa, akasimama. "Hata sisi tutoke! Maziwa yetu munawekea masharti kira siku, rakini sabuni yenu tunanunua, mafuta yenu tunanunua, ndoo zenu..." Hapo akaniangalia mimi. Tenti nzima ikawa bunge. Shangazi aliyekuwa anamleta Nakato akamshika mkono akamrudisha ndani. Simiyu alikuwa ametazama viatu vyake.

Halafu Wasswa, muko mwenyewe. Yule ni askari polisi, hana maneno mengi. "Mjomba," akasema, "mimi na Nakato tulitoka tumbo moja, siku moja. Kama ni mutu ya kusema tusiachane, ni mimi. Nimekubali aende kwenu. Sasa wewe unasema kira mutu akae kwake?" Akamtazama jogoo wetu. "Hii ni ya hapa Kasubi. Murisema ya Kenya. Nitangoja ile ya Kenya." Akaketi. Tukala matoke yao, tukarudi nyumbani bila mke.

Sasa nisikilize. Sisemi huna hoja. Niliona mabanda yako matupu nilipokuja Krismasi, na niliumia. Ni kweli wanaokaa Arusha hawajui bei ya trei moja. Ni kweli kila serikali inafunga mpaka ikiamka vibaya, yenu na ya huku, kisha wakubwa wanapiga picha wameshikana mikono. Mimi mwenyewe huku naambiwa, "Mukenya, rudi kwenu," na mteja aliyenunua ndoo yangu jana. Kuna siku nimesema moyoni, na ife tu hiyo jumuiya, tujue moja.

Lakini jiulize. Mahindi unayolishia hao kuku wako yanatoka wapi? Usinidanganye, magunia yake nimeyaona. Mimi navuka Malaba na kitambulisho tu mkononi. Simiyu ana kazi pale Bugolobi na hajawahi kuulizwa anatafuta nini nchini kwa watu. Siku mkitoka, mimi nitaitwa nani hapa? Mgeni wa kibali? Na mtoto wa kwanza wa Simiyu na Nakato, Mungu akijalia, nitampakata kwa visa? Mlango ukikwama, Wafula, mtu anaita fundi wa mlango. Wewe unataka kubomoa nyumba, na sisi tumo ndani.

Tena kinachonikera zaidi si hoja zako. Ni kwamba mpaka ulikuudhi, ukaja kumalizia hasira kwa watu waliokupikia. Hao hawakumzuia jogoo wako. Uliyemkosea wala hayuko Arusha. Yuko Kasubi, anaitwa Nakato, na anajua Kibukusu cha kumwamkia mama yetu, alijifunza kwa ajili yenu.

Jumamosi alikuja dukani. Nilijua amekuja kuvunja uchumba, nikaanza kupanga mabeseni yaliyokwisha kupangwa. Akaketi, akanipa trei ya mayai, akasema ni ya mjomba, apelekewe, ila alijua hayatavuka. Tukacheka, kisha nikalia mimi. Akaniambia wazee wamekubali kutungoja mpaka mvua hizi ziishe. Baada ya hapo wataanza kupokea wageni wengine wa kumposa, na yeye hatakuwa na la kusema. Akaniambia pia Wasswa amejenga kibanda nyuma ya nyumba. Kwa mila angepaswa kumla huyo jogoo, lakini huyo wako amesema hatamchinja, atamweka na mitetea yake. Halafu vifaranga wakianguliwa, mjomba atakuja kuwaambia ni wa nchi gani.

Kwa hiyo nenda kwa daktari wa mifugo, upate cheti, uje na jogoo. Kipaza sauti usikiguse. Ukitaka kuhutubu, hutubia kikapu njiani kutoka Bungoma mpaka hapa. Na kama kweli umeamua kila mtu akae kwake, basi usiniambie mimi wala usiwaambie wafugaji wenzako. Panda gari, uje umwambie Nakato, yeye akiwa amesimama na wewe umesimama.

Mama mpe salamu na hii dawa ya kuchua. Kuhusu Kasubi usimwambie lolote, mwache aendelee kumshonea mkwe kitambaa. Wifi mwambie namwonea huruma. Watoto wabusu wote, na yule mdogo anayefunga banda la kuku jioni mwambie asimuuze mwekundu, hata mnunuzi akisisitiza.

Kibanda cha Wasswa ni kitupu, na mvua zimeanza kupungua.

Dada yako, ambaye bado ni dada yako,
Nekesa