Ndoo ya Kasyoka

Jumatatu, 3 Oktoba 1966

Leo nimevunja safu za madawati katika darasa langu la Kiswahili kwa watu wazima. Tumekaa duara, kitabu kabatini. Kila mtu aseme la moyoni mwake, hata kwa Kizungu cha kubahatisha; nasimama nyuma yake, namnong'oneza Kiswahili chake, naye anakitoa kwa sauti. Mutunga wa reli, miezi miwili bubu, leo kasimulia ugomvi na mwenye nyumba wake! Kasyoka, mfuaji wa hospitali, ndiye hakusema. Nimemwacha. Atasema akitaka.

Jumatano, 5 Oktoba

Mkaguzi kachungulia. Makelele gani haya, na sarufi iko wapi? Jumatatu atarudi, akikuta duara, darasa litafungwa. Kweli, Mutunga hajui ngeli hata moja. Lakini anaongea!

Alhamisi, 6 Oktoba

Mvua ilianza, nikaenda kufunga dirisha. Nyuma yangu Kasyoka akafumbua mdomo:

"Mwanangu, ndoo. Nina neno."

Wakacheka. Mutunga kamletea ndoo ya kudekia. Mie sikucheka. Darasani sisemi Kimvita cha nyumbani, nasema "njoo" kama kitabu. "Ndoo" ya kumwita mtu ni ya mama. Mama aliyekufa Ramadhani iliyopita, ulimi umepooza. Tulikuwa tumekosana kwa darasa hili — binti yake kusimama mbele ya wanaume! Radhi hakunipa.

Nikamuuliza Kasyoka nani kamfundisha. Akanishangaa.

"Si wewe, mwalimu, uliyeninong'oneza? Hata udi wako nimeusikia."

Sijajifukiza udi tangu mama afe.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimemsomea mama Yasini. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 10 Oktoba

Naandika kwa kificho, daftari chini ya rejista. Safu zimerudi, wananakili ngeli. Mkaguzi yuko nyuma. Nimeamuru asiseme mtu mpaka aulizwe. Mutunga bubu tena. Naona haya hata kumtazama.

Kasyoka kaacha kuandika. Kainamisha kichwa, katega sikio. Nyuma yake ni ukuta mtupu. Midomo inamcheza. Kanyoosha mkono.

Mkaguzi ananitikisia kichwa: la.

Udi umejaa darasa zima. Mkaguzi anapiga chafya, anatafuta unatoka wapi.

Nikimruhusu, darasa kwaheri. Na neno lenyewe huenda si radhi. Mkono bado uko juu. Ananitazama mimi, si mkaguzi. Nafunga daftari, nakwenda kusimama nyuma yake.