Moshi wa Mhuhu

Ganda, 14 Januari 2024

Kwako mdogo wangu Tsuma,

Hujambo huko Rabai? Kifua kimetulia? Sisi tu wazima, mahindi ndiyo yamekauka. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu zangu unazikata.

Ni Baba. Tangu Krismasi, ulipozing'oa koma za Babu na Nyanya nyuma ya nyumba, hajakutaja kwa ubaya hata mara moja. Kila asubuhi anachukua kata yake ya maji na unga, anawasalimu wazazi wake, anamwaga. Ile miti ya mhuhu aliyoichonga na kuwasimikia walipokufa haipo, sasa anamwagia matundu mawili matupu. Nikimtazama nalia.

Mimi nilibatizwa kabla yako, na nyimbo za kwanza nilikufundisha mimi. Nani alikwambia Yesu anataka panga? Wazee wanadai faini ya mbuzi, lakini Baba hataki mbuzi, anakutaka wewe. Njoo umwambie pole, basi.

Dada yako,
Idah

Rabai, 3 Februari 2024

Dada Idah, shikamoo.

Mimi sijambo, kifua kimepoa, namshukuru Mungu. Msalimu Baba.

Usinikasirikie, dada. Mimi ni mwinjilisti. Nitasimamaje hapa kuhubiri, na kwetu watu bado wanailisha miti? Nikiomba radhi nitakuwa nimeiomba radhi miti. Bwana Yesu mwenyewe alipindua meza hekaluni. Baba akiokoka nitakuja na kwaya nzima tumwimbie. Kabla ya hapo, hapana.

Na wewe usijitoe. Kiberiti kilikuwa cha nani?

Mdogo wako,
Tsuma

Ganda, 20 Machi 2024

Tsuma mdogo wangu,

U hali gani? Huku si kwema. Baba hainuki tena. Miguu imevimba, chakula ni vijiko viwili. Daktari kule Malindi ametwambia tumrudishe nyumbani tukae naye.

Lile swali lako limenichoma. Ndiyo, kiberiti kilikuwa changu. Ulizipasua zile koma, mimi nikazitia mafigani, nikapikia pilau ya Krismasi, nikampakulia Baba sahani ya kwanza. Akala yote, akaniambia ahsante mwanangu. Hakujua, maskini. Miezi mitatu hii nimeshindwa kumwambia.

Habari ya meza naijua. Lakini Yesu huyohuyo alijiita mpole, mbona hilo hatulihubiri? Unakumbuka ulipougua darasa la tatu? Baba alikubeba mgongoni hadi hospitali ya misheni. Watu wa kanisa walipokuja kukuombea alivua kofia yake ya ukindu, akasimama hadi amina. Hakumwambia mtu kwamba Mungu wake ni wa uongo. Njoo, Tsuma. Kwaya iache huko.

Dada yako,
Idah

Rabai, 8 Aprili 2024

Dada Idah, shikamoo.

Barua hii nimeichana mara nne. Jana nilikuwa nafundisha vijana tunda la Roho. Nilipofika kwenye upole sauti ikakatika. Nikawaambia ni kifua. Si kifua, dada.

Ile kofia naikumbuka. Aliibana kwapani.

Msomee Baba hivi: mwanao anakuomba radhi wewe, na anaona haya. Wiki hii nina semina, siwezi kuiacha katikati. Jumamosi asubuhi nitakuwa hapo.

Mdogo wako,
Tsuma

Ganda, 5 Mei 2024

Tsuma wangu,

Hali yako sikuulizi, naijua. Siku ya mazishi nilikuona umekaa chini kando ya yale matundu. Ulipoondoka hata hatukuagana.

Barua yako ilifika Jumatano. Nilimsomea mara mbili, akacheka kidogo. Nikataka kukupigia simu uje siku ileile, akanikataza: mwache amalize kazi yake. Nikamsikiliza. Ijumaa adhuhuri akatutoka. Nisamehe kwa hilo, nami najaribu kujisamehe.

Najua ulishangaa wazee hawakukudai mbuzi wala kukutazama vibaya. Baba aliwaita Alhamisi, akawaambia, "Mtu asimwambie mwanangu neno. Na kaburini aombe yeye, kwa Mungu wake." Ndiyo maana ulipoanza kuomba walivua kofia, wote.

Wazee walipokwenda zao nilipiga magoti kitandani pake nikamwambia habari ya pilau. Nilidhani nitamuua.

Akasema, "Mhuhu una harufu yake, mama. Moshi ulipotoka tu, nilijua."

"Sasa Baba, mbona ulikula?"

"Mlikuwa nyumbani nyote. Na ilikuwa sikukuu yenu."

Kisha akanishika mkono, akanituma kwako. Nikwambie kwamba alikula akashiba.

Dada yako,
Idah