Neno Lililokalia Kitambulisho cha Falis

Shauri Moyo,
Nairobi.
14 Septemba 2024

Mpendwa dada yangu Leyla,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Johannesburg, na baridi imeanza kuwaachia? Mguu wako je, umeacha kuvimba? Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi. Mama Falis anakushukuru sana kwa ile shali. Tangu aivae anajiona mke wa balozi na vyombo haoshi tena.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwa simu ningekuchekesha, tukaagana, na nisingesema kitu. Na naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali changu cha kuandika unajua kilivyo aibu.

Ni habari ya binti yangu. Falis alipata nafasi ya kusomea uuguzi, hilo nilikuambia, ukapiga vigelegele mpaka nikaitoa simu sikioni. Nisichokuambia ni kwamba chuo kinataka nambari ya kitambulisho, na kitambulisho hana. Tuliomba mwezi wa pili. Mwezi wa saba ikatoka barua ya mistari mitatu, kwamba maombi yake yamewekwa "in abeyance".

Falis ndiye aliyekuwa akiongoza darasa kwa Kiingereza, na neno hilo hakulijua. Akaniuliza, "Aabo, sasa hawa wamenikubali ama wamenikataa?" Mimi nauza mapazia ya mtumba Gikomba, ningejulia wapi?

Tukampelekea jirani yetu Mzee Ngui, ambaye alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Alivaa miwani na kufurahi kana kwamba tumemletea mjukuu. Alisema kesi huwekwa abeyance ikingoja kesi nyingine iamuliwe. Shamba nalo huweza kuwa abeyance, mwenyewe akifa na mrithi asijulikane. Hata adhabu ya mfanyakazi huweza kuwekwa hivyo, ikaning'inia juu yake siku zote anazokwenda kazini. Na huko Uingereza, alisema, cheo cha kurithi kinaweza kulala abeyance miaka mia mbili bila mtu wa kukivaa, kisha siku moja kikaamka. Falis aliandika yote kwenye daftari. Nilipouliza kitambulisho nacho huamka lini, mzee alivua miwani akaanza kuifuta.

"Hapo, Burale, hata mimi sijui," akasema.

Basi neno likatoroka nyumbani. Nilimwambia Kyalo, mbeba mizigo wangu, na kufika Ijumaa soko zima lilikuwa nalo. Mvua isiponyesha, iko abeyansi. Stima ikipotea, abeyansi. Nzivo fundi wa masanduku, ambaye mchumba wake siku hizi hapokei simu, wanamwambia ndoa yake iko abeyansi. Nami kila asubuhi napigiwa kelele, "Niaje mzee, leo mapazia yanatoka ama ni abeyansi tu?" Nacheka nao, dada, kisha naingia nyuma ya mapazia nikae mpaka uso wangu utulie.

Maana sababu naijua. Nilikwenda ofisini peke yangu, karani mmoja mpole akageuza kompyuta nione. Alama za vidole vya Falis zimo katika orodha ya wakimbizi.

Unakumbuka ule mwaka wa ukame, tulipokuwa kwa mama yetu huko Garissa na ng'ombe wakaisha wote? Nusu ya majirani, Wakenya kama sisi, walikwenda kambini wakajiandikisha kuwa wakimbizi ili wapate unga na mafuta. Tukaenda nasi, wewe ukibeba madumu. Kila kichwa kilikuwa na mgao wake, ndiyo maana nikamchukua na Falis, naye ana miaka sita. Mimi na wewe tulikuwa na vitambulisho vyetu tayari, hatukudhurika. Leo cheti chake kinasema amezaliwa hapa hapa Nairobi, mashine inasema ni mgeni. Eti kuna mtu anapaswa kuamua. Karani hakuweza kuniambia mtu huyo ni nani wala anakaa ofisi gani.

Nimekwenda kwa chifu, nimekwenda kwa wazee, nimejaza fomu mpaka saini yangu imebadilika. Kila mmoja ananihurumia na kunituma kwa mwenzake. Nimechoka, Leyla. Sina tena mlango wa kubisha.

Siku ya kuripoti chuoni ilikuwa Jumatatu iliyopita. Rafiki yake Muthoki alipita kumuaga, wakakumbatiana pale nje muda mrefu. Sanduku la Falis bado liko karibu na mlango, limefungwa vilevile. Mama yake hulipangusa vumbi na sisi sote tunalizunguka tukipita.

Siku hiyo nikamwambia ukweli. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Aliuliza jambo moja tu, "Niliogopa, Aabo?" Nikamjibu ndiyo, alificha mikono nyuma ya mgongo. Yaliyofuata nilishindwa kumwambia. Wewe ulikuwepo ukayaona. Nilimwahidi biskuti, akacheka, akanipa mkono mwenyewe, nami nikakishika kidole chake nikakikandamiza kwenye mashine ya alama.

Nisalimie shemeji Jimale na kijana wenu Mohamednur, mwambie nimesikia ana ndevu sasa na siamini. Mzee Ngui naye anakusalimu, ingawa hajawahi kukuona. Mola awalinde ugenini na awape riziki ya amani.

Sikuombi kitu, dada, kwa sababu sijui niombe nini. Ila ukiswali, mtaje mwanangu kwa jina lake lote, Falis Burale, mzaliwa wa Nairobi, angalau mahali pamoja awe ameandikishwa sawasawa.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Burale